Mti Kabla ya Kuitwa Dawa

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na ninyi wa nyuma msikae mbali. Leo nawasimulia jinsi mti unavyopimwa mpaka uitwe dawa, na jinsi mwingine unavyoshindwa ingawa sifa zake zimejaa sokoni.

Ukitoka Mpanda ukashuka hadi Ziwa Tanganyika, kisha ukafuata mwambao kwenda kaskazini, unafika milima ya Mahale. Sokwemtu wa milima hiyo wanachunguzwa na wanasayansi kutoka Japani tangu miaka ya 1960. Novemba 1987, Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua miti ya huko kwa majina na kwa kazi zake, alikuwa porini pamoja na mtafiti Michael Huffman. Wakamwona sokwe jike aliyeitwa Chausiku amelegea, hachangamki, muda mwingi amelala. Chausiku akajikokota hadi kwenye mti mdogo, akavunja tawi changa, akamenya ganda, akatafuna kiini chake na kufyonza maji yake machungu. Kesho yake alikuwa amepata nguvu. Mzee Mohamedi aliutambua mti ule papo hapo. Ni mjonso, na Watongwe wenyewe huutumia kwa maradhi ya tumbo.

Wale mabwana wawili hawakukimbilia kutangaza kwamba dawa imepatikana. Sokwe mmoja kupona hakutoshi, maana huenda angepona hata bila mjonso. Waliandika walichokiona, wakakichapisha mwaka 1989 kwa majina yao wote wawili. Wanakemia wa Japani wakauchuja mti huo, wakatenga kemikali zake chungu moja moja, wakazijaribu maabara dhidi ya vimelea. Nafurahi sana kila nikikumbuka kwamba jina la Mzee limo kwenye andiko lile. Ujuzi wa miti una wenyewe, na wenyewe wanastahili kutajwa.

Sasa tuhame tumboni, twende kwenye ngozi.

Uko ugonjwa uitwao soriasisi. Huanza kwa mabaka yaliyovimba kidogo kwenye viwiko, magoti, kiunoni au kichwani. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu mabaka hayo huwa ya zambarau au kahawia iliyokolea, na juu yake kuna magamba meupe yanayopukutika. Huwasha, hupasuka, na kwa baadhi ya watu huingia hadi kwenye kucha na maungo. Chanzo chake ni kinga ya mwili inayoishambulia ngozi yenyewe kimakosa, na mwelekeo wa kuupata ugonjwa huu mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Ngozi yenye afya huchukua karibu mwezi mzima kujifanya upya kutoka chini hadi juu. Kwenye baka la soriasisi kazi hiyo hufanyika kwa siku chache tu. Fikirieni fundi anayepanga tofali mbichi safu juu ya safu kabla hazijakauka: ukuta utapanda haraka, lakini utamomonyoka. Na shikeni hili: soriasisi haiambukizi, hata ukishikana mikono, ukila sahani moja au ukivaa shati la mgonjwa. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, na mojawapo ya mambo yaliyozisumbua ni jinsi wagonjwa wanavyotengwa.

Mtu mwenye mabaka hayo pale Makanyagio, Mpanda, ataambiwa mengi. Mmoja atamletea mshubiri, mwingine unga wa tunda la mwegea, yale matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa vikonyo kama kamba katika pori la Katavi. Mwegea una sifa kubwa ya kutibu ngozi sehemu nyingi za Afrika. Je, ni kweli? Sifa hujibiwa kwa kipimo.

Kipimo huanza kwa mambo madogo. Majani au tunda hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye maji au spiriti, kisha huchujwa. Maji yake yakikaushwa hubaki ile nguvu ya mti. Hiyo hujaribiwa kwanza kwenye chembe za ngozi zilizokuzwa kwenye kisahani: je, zinapunguza kasi ya kuzaana? Je, hazifi zote? Kuna hata jaribio la mkia wa panya. Ngozi ya mkia wa panya ina magamba kwa asili yake, na tabaka moja linalopatikana kwenye ngozi laini hukosekana hapo, kama kwenye baka la soriasisi. Watafiti huupaka dawa, kisha hutazama kwa hadubini kama lile tabaka limeanza kujijenga. Nani angedhani mkia wa panya ungetufaa!

Lakini panya si mtu, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Soriasisi huja na kuondoka yenyewe. Mafindofindo yanaweza kuiamsha, na mawazo mengi pia. Tena mafuta yoyote, hata yasiyo na dawa, hulainisha magamba. Kwa hiyo aliyepakwa jani wakati ugonjwa unaondoka wenyewe ataapa kwamba jani ndilo lililomponya, naye hasemi uongo. Dawa yake ni kulinganisha: wengine wapewe krimu yenye mti, wengine krimu ileile isiyo na mti, na mgonjwa wala daktari asijue ipi ni ipi mpaka mwisho.

Mshubiri ulifanyiwa hivyo. Mwaka 1996 ilichapishwa taarifa ya jaribio la wagonjwa 60 nchini Pakistani. Kati ya 30 waliopaka krimu ya mshubiri, 25 walipona, na kati ya 30 wa krimu tupu walipona 2 tu. Watu wakashangilia. Mwaka 2005 ikaja taarifa ya Denmark, ambako wagonjwa 41 walipaka jeli ya mshubiri upande mmoja wa mwili na jeli tupu upande wa pili. Nafuu ilionekana kwenye asilimia 72.5 ya sehemu zilizopakwa mshubiri, na asilimia 82.5 ya zilizopakwa jeli tupu. Jeli tupu ilishinda! Kwa maoni yangu jaribio hilo la Denmark lina thamani sawa na la kwanza, kwa kuwa lilikubali kusema lisilopendwa.

Upo mti uliofaulu kweli, au niseme mmea. Kandokando ya Mto Nile nchini Misri huota magugu yenye maua meupe yaitwayo Ammi majus. Wamisri waliyatumia tangu zamani kutibu ngozi iliyopoteza rangi. Miaka ya 1940 daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo alianza kuwatibu wagonjwa kwa kemikali zilizotengwa kutoka kwenye mmea huo, na mwaka 1974 madaktari wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba mojawapo, ikiambatana na mwanga maalumu wa taa, husafisha mabaka ya soriasisi. Hospitali hutumia tiba hiyo hadi leo. Lakini kemikali hiyohiyo ikikutana na jua kali bila kipimo huunguza ngozi mpaka malengelenge, na ikitumika miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Fikirieni mtu akijipaka mmea kama huo kisha atoke kulima juani saa sita mchana. Ndiyo maana kiasi lazima kipimwe.

Mwaka huohuo wa 1974, pale Muhimbili, Dar es Salaam, kilianzishwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asilia. Tangu mwaka 2002 ipo sheria ya tiba asili na tiba mbadala, yenye baraza la kusajili waganga. Na Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda wetu. Kwa hiyo ujuzi wa bibi zenu una mahali pa kupelekwa.

Ninyi mnaopenda sayansi, anzeni sasa. Muulizeni mzee anayejua miti ya Mlele au Mpimbwe, andikeni jina la mti, sehemu inayotumika, inavyoandaliwa, na jina lake yeye mwenyewe. Msimpake mtu chochote kwa kujaribu. Mwenye mabaka aende kwanza hospitali, amweleze daktari kila jani alilotumia, na asiache dawa alizopewa. Na akiwa ni mwanafunzi mwenzenu, kaeni naye dawati moja.