ISTILAHI ZA GARI LA FAMILIA: MFANO WA PEUGEOT 404, 504 NA WARITHI WAKE

Mtafsiri wa kitabu cha matengenezo ya gari ana wajibu usiofanana na ule wa mtafsiri wa hadithi. Msomaji wa hadithi akikuta neno lisilokaa vizuri, hupoteza ladha. Fundi akikuta neno lisilo sahihi katika maelezo ya breki, huweza kuhatarisha roho za watu. Mwalimu wa shule ya ufundi, karani wa forodha na ofisa wa bima nao huhitaji neno moja lenye maana moja. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kuliteua neno hilo pale ambapo kitu chenyewe hakitulii, bali hubadilika kila baada ya miaka michache. Tumechagua mfano wa magari ya familia ya Peugeot kwa kuwa historia yake inajulikana, na kwa kuwa yalitumika sana katika Afrika Mashariki.

1. Historia kwa ufupi

Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ilitoa gari la 403 mwaka 1955, umbo lake likiwa limesanifiwa na Pininfarina wa Italia. Mwaka 1960 ikafuata 404, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,618. Mwaka 1968 ilitolewa 504, ambayo injini yake ya kwanza ilikuwa na sentimita za ujazo 1,796. Mwaka 1970 ikaletwa nyingine ya 1,971. Gari hili lilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka 1969 huko Ulaya. Baadaye zikaja 505 mwaka 1979 na 405 mwaka 1987, kisha 406, 407 na 508.

Huku kwetu sifa ya magari haya ilienezwa na barabara mbovu kuliko matangazo. Katika mashindano ya Safari, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa mwaka 1966 na wa 1967 ulipatikana kwa uendeshaji wa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Mwaka 1975 ikawa zamu ya 504, iliyoendeshwa na Ove Andersson wa Sweden. Sedani ya 504 ilikoma kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983, lakini gari hilo liliendelea kuunganishwa Nigeria na Kenya hadi miaka ya 2000. Nchini Kenya, stesheni wagoni zake zilibeba abiria wa safari ndefu kwa miaka mingi, hata watu wakawa wanasema tu kwamba wamepanda “pijo”.

2. Jina la aina ya gari

Gari tunalolizungumzia huitwa kwa majina mengi: motokaa, gari dogo, saluni, na hilo pijo. Kila moja lina kasoro yake. Motokaa limezeeka, na lilihusu gari lolote la abiria wachache. Gari dogo halitenganishi gari la familia na lile la watu wawili. Saluni hueleweka, lakini neno hilohilo ni mahali pa kunyolea na kusukia nywele. Katika hati ya bima utata huo haufai. Pijo ni jina la biashara lililogeuzwa kuwa jina la jumla; linafaa stendi, wala si sheria.

Sisi tunaona neno sedani lichukuliwe, mradi lipewe maana iliyo wazi: gari la abiria lenye sehemu tatu, yaani ya injini, ya abiria na ya mizigo, ambamo mfuniko wa buti hufunguka peke yake chini ya kioo cha nyuma. Mfuniko wa buti wa 504 ulishuka kwa mshazari, tofauti na ule wa 404, lakini gari halikuacha kuwa sedani. Umbo lilibadilika, mgawanyo wa kazi haukubadilika.

Kuhusu ukubwa, watafsiri wengine huandika “gari la wastani”. Neno wastani hubeba pia maana ya ubora usiozidi wala kupungua, na mnunuzi huweza kudhani gari linasifiwa nusunusu. Afadhali kusema “sedani ya ukubwa wa kati”. Hata hivyo, kati ni neno la kulinganisha. 504, yenye urefu wa karibu mita 4.5, ilikuwa gari kubwa la familia katika Ulaya ya mwaka 1968, lakini miongoni mwa magari ya Marekani ya wakati huohuo ingehesabiwa kuwa ndogo. Kwa hiyo, katika hati za serikali, neno hili lisitumike bila kutajwa kipimo na mwaka wake.

3. Sehemu zilizobadilika

Mfano ulio muhimu kuliko yote ni ekseli. Katika 404 magurudumu mawili ya nyuma yaliunganishwa na ekseli moja ngumu. Gurudumu moja likipanda jiwe, la pili nalo huinama. Katika sedani ya 504 ya mwaka 1968 mpango huo uliachwa. Kila gurudumu la nyuma lilipewa mkono na springi yake, na difu ikafungwa chini ya bodi badala ya kupanda na kushuka pamoja na magurudumu. Hii ni sababu mojawapo ya gari hilo kutulia katika njia yenye makorongo. Lakini stesheni wagoni ya 504 ilibaki na ekseli ngumu ili ihimili mizigo, na mwaka 1973 ikatolewa sedani ya bei nafuu, 504 L, yenye ekseli ya namna hiyo pia.

Basi, jina la gari ni moja, miundo ni miwili. Mtafsiri akiandika “ekseli ya nyuma” mahali pote, fundi atatafuta chini ya gari kitu ambacho hakipo. Aidha, hatushauri kutumia neno mhimili hapa. Mhimili una kazi yake katika jiografia, tunaposema mhimili wa dunia, na katika siasa, tunaposema mihimili ya dola. Kulibebesha mzigo wa tatu si kulitajirisha.

Breki nazo zilibadilika. 404 ilianza na breki za ngoma, ambamo viatu husukumwa nje vikabana ngoma kwa ndani. 504 ilipotoka ilikuwa na breki za diski katika magurudumu yote manne, ambamo pedi mbili huibana diski pande zote mbili. Viatu na pedi si kitu kimoja, na kitabu kinachoviita vyote viatu humpeleka fundi dukani kununua kisichofaa.

Kuhusu mafuta, 404 na 504 ziliuzwa ama kwa kabureta ama kwa mfumo wa kupeleka petroli kwa shinikizo. Wapo waliotafsiri mfumo huo kwa neno sindano, kana kwamba injini inatibiwa hospitali. Mafundi wetu wa dizeli tayari wana neno nozeli. Lililopo gereji lisiachwe kwa ajili ya lililobuniwa ofisini.

4. Gari la leo

505 ilikuwa sedani ya mwisho ya Peugeot kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Katika 405 injini ililazwa kwa upana na ikaendesha magurudumu ya mbele; shafti ndefu iliyopita chini ya gari ikatoweka. Katika 508 ya mwaka 2018 mlango wa nyuma hufunguka pamoja na kioo. Kwa macho ni sedani. Kwa maana tuliyoitoa hapo juu, siyo. Jambo hili halionyeshi udhaifu wa istilahi. Linaonyesha kwamba maana iliyofungwa vizuri huweza kutambua kitu kipya kinapofika.

5. Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) Sedani: gari la sehemu tatu, kama lilivyoelezwa.
(b) Ekseli ngumu: ekseli moja inayounganisha magurudumu mawili yasiweze kusogea kila moja peke yake.
(c) Magurudumu huru: mpango ambao kila gurudumu lina mkono na springi yake.
(d) Breki za ngoma na breki za diski; viatu kwa za kwanza, pedi kwa za pili.
(e) Mfumo wa nozeli: upelekaji wa mafuta kwa shinikizo, pakiongezwa “wa petroli” au “wa dizeli”.

Msingi wa mapendekezo haya ni mmoja: istilahi ifuate kazi ya kifaa, wala si sura yake ya msimu mmoja, na isitungwe kabla ya kuwasikiliza wanaokishika kifaa hicho kwa mikono yao. Mtafsiri ambaye hajawahi kuinama chini ya gari hana budi kumuuliza aliyelala huko.