Picha ya Tezi Dume: Safari Isiwe ya Bure

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumza hasa na akina baba. Akina mama nao wasome, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaomsukuma mzee aende hospitali.

Zamani msafara kutoka Bagamoyo ulitembea miezi miwili mitatu hadi kufika Tabora. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuondoka bila kuuinua kwanza mzigo wake na kuujua. Leo mzee wa Sikonge au Urambo anayetafuta vipimo vikubwa hupanda gari moshi kwenda Dar es Salaam, kilometa zipatazo 840 kutoka Tabora. Huenda ameuza mahindi au ng'ombe apate nauli. Je, naye ameujua mzigo wake?

Tezi dume ni nini?
Ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo, nayo huzunguka njia ya mkojo. Uzeeni huvimba, na mara nyingi uvimbe huo si saratani. Hata hivyo saratani ya tezi hii ni miongoni mwa zinazowapata wanaume wengi zaidi nchini, na mwanzoni haina maumivu. Kipimo cha damu cha PSA kikipanda, sababu yaweza kuwa saratani, uvimbe wa kawaida au maambukizi ya mkojo.

MRI yasaidia nini?
Mashine hii hupiga picha kwa nguvu ya sumaku, bila mionzi. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanaume 500 uitwao PRECISION. Katika kundi lililoanza na MRI, saratani za hatari zilionekana kwa 38 katika kila 100. Katika kundi lililokatwa vinyama kwa njia ya zamani, 26. Tena zaidi ya robo ya walioanza na MRI hawakuhitaji kukatwa kinyama.

Lakini picha mbaya hudanganya. Hewa au choo kwenye utumbo wa nyuma huvuruga picha. Chuma cha nyonga huivuruga pia. Damu iliyobaki baada ya kukatwa kinyama huweza kuficha ugonjwa, ndiyo maana huwa vema kungoja wiki sita au zaidi. Mgonjwa akijitikisa, picha hutia ukungu.

Kwa hiyo mwaka 2020 wataalamu walitoa utaratibu wa kupima ubora wa picha, uitwao PI-QUAL, wakaurekebisha mwaka 2024. Sasa alama ni 1 hadi 3: 1 maana yake picha haitoshi, 3 ni nzuri kabisa. Msiichanganye na PI-RADS, ambayo hupima shaka ya saratani kuanzia 1 hadi 5. Katika PI-RADS, 1 ni habari njema. Katika PI-QUAL, 1 ni picha isiyotegemewa, na jibu la "hakuna kitu" litokalo humo lisimtulize mtu.

Tufanye nini?
- Mwenye miaka 50, au 45 kama baba au ndugu yake aliugua, azungumze na daktari wa karibu kuhusu PSA na kupimwa kwa kidole.
- Kabla ya nauli, ulizeni: mashine inafanya kazi? Hupiga picha za tezi dume? Nani huzisoma? Gharama ni kiasi gani?
- Mwambieni mpimaji kama mna chuma mwilini au kifaa cha moyo.
- Ombeni nakala ya picha zenyewe pamoja na majibu, ili daktari mwingine asilazimike kurudia.
- Ulizeni bila haya: "Daktari, picha hii ni ya kutosha?"

Kumbukeni, MRI huonyesha mahali pa kutilia shaka. Kinyama kilichopimwa maabara ndicho huthibitisha saratani. Na asiyeweza kuifikia MRI asikae nyumbani. PSA na kidole cha daktari ni mwanzo mzuri, na ugonjwa uliowahiwa hutibika. Kuuliza si ujinga.