Kufuatilia Gari kwa Redio ya Ridhaa: Yafahamu Haya Kabla ya Kununua

Wamiliki wa magari yatokayo Karatu kwenda Ngorongoro, na jamaa za wasafiri, hupenda kujua gari liko wapi, hasa linapochelewa kurudi. Njia mojawapo ya kulifuatilia ni redio ya ridhaa, ambayo haina ada ya kila mwezi ya mtandao wa simu. Unafuu huo huvutia, lakini una mipaka ambayo mnunuzi hana budi kuifahamu.

Redio ya ridhaa ni nini?

Ni huduma ya mawasiliano kwa watu wanaojifunza na kufanya majaribio ya redio kwa mapenzi yao, pasipo kutafuta faida. Kila mtumiaji huwa na leseni na alama yake ya wito. Alama za Tanzania huanza na 5H.

Hufanyaje kazi?

Kipokezi kilichomo garini hutambua mahali lilipo kwa msaada wa setilaiti. Redio huirusha taarifa hiyo kwa mlio mfupi, pamoja na alama ya wito. Mfumo unaojulikana zaidi ni APRS, uliobuniwa na mhandisi wa Marekani, Bob Bruninga. Kituo kinachousikia mlio huo huweza kuurusha tena, au kuupeleka kwenye intaneti ili gari lionekane katika ramani.

Kwa nini Ngorongoro ni mahali pagumu?

Mawimbi ya masafa yanayotumika kwa kazi hii husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mlima huyazuia. Sakafu ya kreta iko takribani mita 600 chini ya ukingo wake. Kwa hiyo gari lililoteremka kwa barabara ya Seneto haliwezi kutegemewa kusikika Karatu, isipokuwa pawe na kituo cha kurudia mawimbi juu ya ukingo. Kisipokuwapo, ramani hubaki na alama ya mwisho iliyopokelewa, ilhali gari liko mbali na hapo, pengine limekwama katika tope. Alama iliyotulia katika ramani haithibitishi kwamba gari limetulia.

Vifaa vinavyotumia laini ya simu navyo hunyamaza pasipo na mtandao, ingawa vingi huhifadhi taarifa na kuzituma baadaye. Mlio wa redio usiosikika na kituo chochote hupotea.

Sheria inasemaje?

Leseni ya ridhaa hairuhusu biashara. Kampuni inayosafirisha watalii kwa malipo haipaswi kufuatilia magari yake kwa masafa hayo, hata kama dereva wake ana leseni. Ikihitaji redio za upepo kwa kazi zake, iombe kwetu masafa yanayostahili.

Aidha, kanuni za kimataifa za redio zinakataza kuficha maana ya mawasiliano ya ridhaa. Anayelitazama gari lako katika ramani anaweza kuwa ndugu yako. Anaweza pia kuwa mtu anayetaka kujua ni lini nyumba yako haina mtu.

Kabla ya kununua

1. Uliza kifaa kinatuma taarifa kwa njia ipi: laini ya simu, redio au setilaiti.
2. Hakikisha kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na udai risiti.
3. Omba kijaribiwe katika njia unayoipita, si mbele ya duka mjini.
4. Mwachie mtu ratiba: lango utakaloingilia, saa ya kushuka kreta na saa ya kutoka. Usipotokea, atoe taarifa kwa walinzi wa lango la Loduare au apige simu polisi, 112, bila kungoja ramani.

Ukiuziwa kifaa kwa maelezo yasiyo ya kweli, hifadhi risiti na tangazo, kisha mwendee muuzaji kwanza. Asipokusikiliza, tuletee lalamiko lako kwa maandishi.