Geti Liliachwa Wazi na Nani?

"The gate was left open." Maneno matano kwenye ripoti ya zamu ya usiku huko Al Wukair, kusini mwa Doha, nayo yamenikaa kichwani tangu niyasome. Saa imeandikwa: nane na dakika kumi. Geti limetajwa kwa namba yake. Hata vumbi lililojaa kibandani limo. Mtu tu ndiye hayumo.

Aliyenionyesha ni kiongozi wa zamu, Mkenya wa Kisauni. Wenzake humwita Mwalimu kwa sababu alifundisha Kiingereza Mombasa kabla ya kwenda Ghuba. Sasa ripoti za walinzi hupita kwake na kalamu nyekundu kabla ya kupelekwa ofisini. Wengi wao walikua wakiamini kwamba kauli ya kutendwa ndiyo Kiingereza cha ofisi.

"Kugeuza kauli ya kutendwa iwe ya kutenda si kazi, ndugu yangu," alisema. "Mgeni aliruhusiwa kuingia: nani kamruhusu? Huyo mtie mbele, kitenzi kimfuate, kwisha. Tabu ni pale mtendaji hayumo kabisa. Itabidi umwamshe mlinzi umuulize. Nusu ya kazi yangu ni upelelezi, sarufi kidogo tu."

Vitabu vya uandishi havisemi hivyo; vinatoa amri tu: epuka kauli ya kutendwa. George Orwell aliitoa yake katika insha ya mwaka 1946, na humohumo akaitumia kauli ya kutendwa bila haya. Mwaka 1987 Ronald Reagan, akigusia kashfa ya silaha za Iran, aliliambia Bunge la Marekani kwamba makosa makubwa yalifanywa. Waliofanya, sarufi ikawasitiri.

Ila Mwalimu hageuzi kila sentensi. Mlinzi wa geti lile alipoamshwa, alijibu kwamba meneja ndiye aliyeamuru lisifungwe, malori yapite. Mwalimu aliweka kalamu chini, sentensi ikaenda ofisini vilevile.

"Ningeandika meneja? Kijana ana mkataba, na nyumbani ana deni la wakala. Wakubwa hujificha ndani ya kauli ya kutendwa, sikatai. Na mnyonge naye ajifiche wapi?"

Nikamuuliza kama huko si kudanganya.

"Geti liliachwa wazi, kweli si kweli?"

Kweli. Lakini siku mwizi akipita hapo, ataulizwa nani? Mwalimu hakunijibu. Alinitajia Malcolm Bidali, mlinzi Mkenya aliyeandika kwa jina la kubuni jinsi wafanyakazi wahamiaji wanavyoishi Qatar. Alikamatwa Mei 2021, baadaye akatozwa faini ya riyali 25,000. Kima cha chini cha mshahara, kilichoanza kutumika Machi mwaka huohuo, kilikuwa riyali 1,000 kwa mwezi.