Kirusi Kinachobeba Chanjo

Mwanachama akimwuliza katibu wake iwapo kirusi hai cha chanjo hakiwezi kurudia ukali wake, ameuliza jambo la haki. Jibu mojawapo lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Huko Muguga, Kenya, Dk. Walter Plowright na wenzake walikiotesha kirusi cha sotoka ya ng'ombe katika seli za figo za ndama, mara 90 hivi mfululizo, mpaka kikapoa. Chanjo hiyo ilitumika katika mamilioni ya ng'ombe pasipo kurudia ukali, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imetokomezwa duniani.

Baadaye wataalamu walitwaa kirusi kilichopozwa cha ndui ya mbuzi na kondoo, wakapachika ndani yake jeni moja ya sotoka. Kirusi hicho ni mchukuzi, na jeni ndiyo mzigo. Shida ni kwamba mchukuzi aweza kuutua mzigo njiani: kirusi kinapozaana, nakala iliyopoteza jeni huweza kuzaana upesi kuliko wenzake, na hatimaye chanjo ikabaki jina tu. Kwa hiyo huchaguliwa kirusi cha jamii ya ndui, ambacho hakibadiliki upesi, na jeni hupachikwa mahali ambapo kirusi chaweza kuishi bila sehemu iliyoondolewa. Kisha huoteshwa tena na tena, na kila mara mzigo hukaguliwa.

Majaribio ya Kenya yaliyotangazwa mwaka 1997 yalionyesha kuwa ng'ombe waliopewa dozi ya kutosha walikingwa kabisa na sotoka na ugonjwa wa mapele ngozi baada ya mwezi mmoja, wala chanjo haikuambukiza wengine. Baada ya miezi 6 au 12, 10 kati ya 18 walikingwa kabisa. 8 waliugua kidogo. Waliowahi kuambukizwa kirusi cha ndui hapo kabla walikingwa kwa upungufu, kwa kuwa mwili ulikwisha kumjua mchukuzi. Hili halifai kufichwa.

Sisi wa Kibondo na Kasulu linatuhusu kwa ajili ya mbuzi. Sotoka yao ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2018 ikatangazwa Burundi, jirani zetu. Chanjo ya kawaida hukinga vizuri, lakini kipimo cha damu hakimtofautishi mbuzi aliyechanjwa na aliyeugua. Chanjo ya mchukuzi ingeweza kuwatofautisha, ila bado haijaingia katika matumizi ya kawaida. Kwa sasa, makatibu waandike katika daftari tarehe ya chanjo na alama ya kila mbuzi, ili Bwana Mifugo apate la kusoma.