Siku Zisizo na Mwezi

Mwandishi anayebuni ulimwengu wake aghalabu huianza kalenda kwa majina: Mwezi wa Joka, Mwezi wa Majivu. Majina hayana neno. Kazi iko kwenye hesabu, na hasa kwenye baki lake.

Tazama dunia yetu. Mwaka wa jua ni siku 365 na karibu saa sita. Mwezi huandama kila baada ya siku 29 na nusu hivi. Miezi 12 ya namna hiyo hufika siku 354, zinabaki 11. Kalenda ya Kiislamu imeziacha zipite, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote. Watu wa pwani, kwa shughuli za bahari na shamba, waliweka sambamba nayo mwaka mwingine wa jua, wakauhesabu tangu Nairuzi, siku yake ya kwanza, kwa miongo ya siku kumi kumi.

J. R. R. Tolkien alilijua fumbo hili. Katika nyongeza za The Lord of the Rings, zilizotoka mwaka 1955, aliwapa hobiti, watu wadogo wa hadithi yake, miezi 12, kila mmoja siku 30. Hizo ni 360. Tano zilizosalia hakuzishindilia ndani ya miezi: mbili zinafunga na kufungua mwaka, tatu ziko katikati ya kiangazi, na mwaka mrefu huongezewa moja. Kisha ukaja ujanja wenyewe. Siku ya katikati ya mwaka, sawa na ile ya mwaka mrefu, haihesabiwi katika juma; si Jumatatu wala Ijumaa. Iondoe, zinabaki 364, yaani majuma 52 kamili, kwa hiyo kila tarehe huangukia siku ileile ya juma mwaka nenda mwaka rudi. Hakuna mwezi unaoanza Ijumaa, na hobiti wakitaka kutania juu ya jambo lisilowezekana, husema litatokea Ijumaa tarehe mosi. Kwangu mimi utani huo una thamani kuliko majedwali yote ya nyongeza ile.

Jaribu nawe. Mwaka wa sayari yako una siku 400, na mwezi wake huandama kila siku 27. Miezi 14 ni siku 378, zimebaki 22. Je, mwenye nyumba atazidai kodi? Kibarua wa mwezi atalipwa nini? Mfalme akitangaza kuwa ni zake, na wakulima wamlimie bure, umeshapata hadithi kabla joka halijatia mguu.

Ila usidhani watu hupenda hesabu iliyonyooka. Mwaka 1793 Ufaransa iliamuru siku ya saa 10, kila saa dakika 100, na juma la siku 10. Mapumziko yakawa siku moja katika kumi badala ya moja katika saba, na wafanyakazi hawakuhitaji mtaalamu wa kuwafafanulia. Kalenda hiyo ilifutwa tarehe 1 Januari 1806.

Saa nazo hufuata mahali. Sisi huanza kuhesabu alfajiri inapoisha kwa kuwa tuko karibu na ikweta: Dar es Salaam, mawio hayapishani hata kwa saa nzima mwaka mzima. Mpeleke shujaa wako kaskazini ya mbali, ambako jua la kiangazi halizami, uone saa moja yake itaanzia wapi. Huenda wenyeji wakahesabu kwa zamu za ulinzi, au kwa maji kujaa na kupwa. Ukiwatundikia miezi miwili angani, bamvua litakuja kwa hesabu wanayoijua manahodha peke yao, na mji mzima wa bandari utabidi uwanyenyekee.