Baridi Yabisi si Ugonjwa Mmoja

Nungwi, kijiji kilichoko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, kinajulikana kwa wavuvi wake na kwa mafundi wanaounda majahazi na ngalawa ufukweni kwa tezo, msumeno na keekee. Na kazi hizo, kama ile ya wanawake wanaoinama mwambani wakati wa maji kupwa wakitafuta pweza na chaza, huelemea magoti, viuno, mabega na vifundo vya mikono. Kwa hiyo mtu wa huko anapolalamika kwamba viungo vinamuuma, wanaomsikiliza huwa na jibu tayari: ni kazi, au ni umri, au ni baridi yabisi. Jibu hilo mara nyingi huwa na ukweli, lakini halitoshi kumtibu mtu, kwa sababu chini ya jina la baridi yabisi hujificha maradhi mengi yasiyofanana kwa asili wala kwa dawa, ambayo baadhi yake huharibu kiungo kwa siku chache, ilhali mengine huenda na mtu miaka mingi bila kumzuia kazi.

Tiba kongwe ya pwani, iliyopokewa kutoka kwa matabibu wa Kiarabu waliorithi elimu ya Wayunani, iliupima mwili kwa hali nne, yaani joto, baridi, ukavu na unyevu, na kiungo kilichokakamaa kikahesabiwa kuwa kimezidiwa na baridi na ukavu (yabisi). Ndiyo maana dawa za nyumbani ni za kupasha joto: kukandwa kwa maji moto, kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu, kunywa tangawizi na mdalasini. Kukanda na kuchua huleta nafuu kweli, na hakuna haja ya kumkataza mgonjwa, maadamu kiungo hakijavimba na kuwaka moto ghafla. Tatizo huanza pale nafuu ya usiku mmoja inapochukuliwa kuwa ndiyo utambuzi wa ugonjwa.

Watu wengi hudhani kwamba maradhi ya viungo hugunduliwa kwa mashine, na kwamba aliyerudi bila picha ya eksirei hakupimwa. Kwa hakika sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa maswali na kwa mikono, na swali lenye uzito kuliko mengine ni la saa: mtu akiamka asubuhi, viungo hukaa vimekakamaa kwa muda gani? Aliyechakaa gegedu, yaani ule utando imara na wenye kuteleza unaofunika ncha za mifupa ili isisuguane, kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa kupita, kisha maumivu humzidi kadiri anavyofanya kazi na humpungua anapopumzika. Mwenye uvimbe wa viungo unaotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe huwa kinyume chake, kwa kuwa hukakamaa saa nzima au zaidi na hupata nafuu akianza kujishughulisha. Ugonjwa huu wa pili hupenda viungo vidogo vya vidole na vifundo vya mikono, hushika mkono wa kulia na wa kushoto pamoja, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, wengi wao wakiwa bado hawajazeeka. Hao ndio wanaodhulumiwa zaidi na neno "umri", kwani mifupa yao huanza kulika mapema wakati wakiambiwa wavumilie.

Mwaka 1992 madaktari wa Uingereza walichapisha uchunguzi mfupi wa mwili mzima unaoanza kwa maswali matatu: je, mgonjwa ana maumivu au ukakamavu wowote wa misuli, viungo au mgongo, je, anaweza kuvaa nguo zote mwenyewe bila taabu, na je, anaweza kupanda na kushuka ngazi bila taabu? Katika mradi uitwao UWEZO, wahudumu wa afya wa Kenya wamefundishwa uchunguzi wa viungo wa aina hiyo. Katika kijiji chenye nyumba za chini swali la ngazi halina maana kubwa, lakini tabibu wa Unguja ana kipimo kilicho bora zaidi, nacho ni sala, kwa sababu kurukuu, kusujudu, kukaa tahiyatu na kuinuka tena hujaribu nyonga, magoti, vifundo vya miguu, vidole na viganja kwa dakika chache. Mama anayeeleza kwamba siku hizi anaswali kitini, au kwamba kukuna nazi kumemshinda, ameshatoa nusu ya habari zake.

Idadi ya viungo nayo hueleza mengi. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu na cha moto, hasa kikiambatana na homa, ni jambo la kwenda hospitalini siku ile ile, kwa mgonjwa wa Nungwi ikiwa ni Kivunge, na ikibidi Mnazi Mmoja mjini, kwa kuwa huenda bakteria wameingia ndani na wanaweza kuila gegedu kwa siku chache. Hapo hutumika sindano ya kuvuta ute wa kiungo ili upimwe, na sindano hiyo hiyo ndiyo inayotenganisha maambukizi na jongo, ugonjwa unaotokana na chembe za asidi ya yuriki kujikusanya kiungoni, mara nyingi penye kidole gumba cha mguu. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani, McCarty na Hollander, walionyesha kwamba chembe hizo huonekana katika ute kwa hadubini ya mwanga maalumu. Ni ushahidi imara kuliko kipimo cha damu, kwani kiwango cha asidi hiyo katika damu kinaweza kuonekana cha kawaida siku ya maumivu makali. Wenye jongo hulaumiwa kwa maini na dagaa, ingawa mara nyingi mchango mkubwa hutoka kwenye figo, au kwenye vidonge vya shinikizo la damu vya kuongeza mkojo. Mtoto mwenye selimundu anayelia kwa nyonga au mguu naye ana njia yake ya uchunguzi, na asichanganywe na hawa.

Kuna ugonjwa mwingine ambao historia yake ya kisayansi ilianza Tanzania yenyewe. Mwaka 1952 na 1953, watu wa uwanda wa Makonde, sehemu za Newala, walishikwa na homa iliyowaacha wamejikunja kwa maumivu ya viungo, na mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza katika maandishi ya kitabibu kwa jina la Kimakonde, chikungunya. Virusi vyake husambazwa na mbu aina ya Aedes, wale wenye madoa meupe wanaouma mchana na kuzaana katika mapipa, vifuu na matairi yenye maji. Mwaka 2004 ugonjwa huo uliishukia Lamu, na uchunguzi wa damu uliofuata ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kutoka huko ulienda Comoro na kisiwa cha Réunion, ambako mwaka 2005 na 2006 uliwapata karibu theluthi moja ya watu wote. Homa yake huisha kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo huweza kubaki miezi na hata miaka, na mgonjwa wa namna hiyo akifika kwa tabibu baadaye hufanana sana na yule wa kinga ya mwili. Katika mwambao huu, kwa hiyo, kuuliza kuhusu homa iliyopita ni lazima. Katika siku za mwanzo mgonjwa hupewa parasitamoli na maji ya kutosha, na aspirini na ibuprofeni huepukwa mpaka homa ya dengi iondolewe shaka, kwa sababu dawa hizo huzidisha hatari ya kutokwa damu.

Vipimo vya damu huja baada ya hayo yote, na visomwe kwa tahadhari. Kipimo cha kingamwili kiitwacho faktari ya rumatoidi hutoa jibu la ndiyo kwa baadhi ya wazee wasio na ugonjwa wowote, na pia kwa watu wenye kifua kikuu au homa ya ini ya muda mrefu, wakati baadhi ya wagonjwa halisi wa ule ugonjwa wa kinga ya mwili hupata jibu la hapana.

Upande wa tiba, hatari kubwa ni dawa inayofanya kazi haraka mno. Mwaka 1948 Philip Hench wa kliniki ya Mayo, Marekani, alimpa kotisoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na ugonjwa wa viungo, naye baada ya siku chache akaweza kutembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Shangwe ilipotulia, yalionekana madhara: uso kuvimba, mifupa kudhoofika, kisukari, shinikizo la damu, na mwili kusahau kutengeneza homoni yake, hata kuacha dawa ghafla kukawa hatari. Prednisoloni na deksamethasoni ni za ukoo huo huo, na katika nchi mbalimbali zimekutwa zimechanganywa kwa siri katika unga unaouzwa kama mitishamba. Unga wa mizizi unaomwinua kitandani kwa siku mbili mtu aliyelala mwezi mzima unastahili kutiliwa shaka kabla ya kusifiwa. Diklofenaki nayo, ikitumiwa kila siku na hasa tumbo likiwa tupu, huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Goti lililochakaa huhitaji zaidi mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito kuliko vidonge. Ugonjwa wa kinga ya mwili hutibiwa kwa methotreksati, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki, na huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kabla ya kuonyesha matokeo, huku damu na ini vikipimwa mara kwa mara. Kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua, na ndiyo maana siku ya dozi, kwa mfano Ijumaa, inafaa iandikwe kwa maandishi makubwa juu ya pakiti. Mwanamke anayetarajia kushika mimba huachishwa dawa hiyo miezi kadhaa kabla, na nafasi yake huchukuliwa na salfasalazini au haidroksiklorokwini, ambazo huweza kuendelea kutumika wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha.